Kazadi Mwamba, Mulinzi wa Goli



Gazeti letu hili la masomo limezoea kusimulia maisha ya watu wakubwa waliokufa zamani. Mara nyingi tunasoma juu ya wafalme, wasafiri na wenye elimu. Safari hii sisi tunaomaliza masomo mwaka huu tumechagua mutu wa mupira. Tunajua wengine watacheka. Watasema mupira ni mambo ya saa kumi jioni, si mambo ya kuandika. Lakini tuulizane: ni majina ya nani yanayoandikwa kwa makaa kwenye kuta za muji wetu, toka bandarini mpaka Lubuye? Si majina ya mawaziri. Ni majina ya wachezaji. Mutu ambaye jina lake linaandikwa ukutani na mutoto asiyemujua kwa sura, huyo ana nguvu. Inafaa tujue nguvu hiyo inatoka wapi, na inaenda wapi ikiisha.

Tena angalieni vizuri kuta zile. Utakuta majina ya wafunga magoli. Jina la mulinzi wa goli utalitafuta sana. Ndiyo maana tumemuchagua Kazadi Mwamba.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1947 katika muji wa Elisabethville, unaoitwa leo Lubumbashi. Jina lake la kizungu lilikuwa Robert. Wakati ule Kalemie yetu nayo iliitwa Albertville, na miji hii miwili ilikuwa katika jimbo moja la Katanga. Mwaka wa 2015 Tanganyika ikawa jimbo peke yake. Reli inayoanzia hapa kwetu kando ya ziwa inapita Kabalo na Kamina, inafika kule kule. Basi Kazadi si mugeni kwetu. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye reli au kwenye kiwanda cha nguo walimuita mutu wa kwao.

Elisabethville ulikuwa muji wa shaba, na palipo kazi nyingi mupira nao unakua haraka. Mwaka wa 1939 mapadri Wabenediktini walianzisha ekipe kwa ajili ya wanafunzi wa Saint-Boniface. Kumbe ekipe iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote za Katanga ilianza kama ekipe ya masomo, sawa na yetu! Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya motokari, na mbele ya jina hilo wakaweka maneno mawili ya Kifaransa, Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Katika ekipe hiyo ndimo Kazadi alimosimama golini.

Miaka ile ilikuwa ya ajabu. Mwaka wa 1967 Englebert ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika, ikakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza ilikuwa 1-1, ya pili 2-2. Walipaswa kucheza mara ya tatu, lakini Kotoko hawakufika, na kombe likabaki kwetu. Mwaka wa 1968 Englebert ilishinda tena, mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Mpaka hapo hakuna ekipe ya Afrika iliyokuwa imechukua kombe hilo mara mbili mufululizo. Ilifika fainali tena kwa mwaka wa 1969, ikashindwa na Ismaily ya Misri, na kwa mwaka wa 1970, ikashindwa na wale wale Kotoko. Fainali 4 katika miaka 4! Muchezaji wa mbele anaweza kukosa bao tatu akafunga moja, na watu watamubeba mabegani. Mulinzi wa goli anaweza kuokoa kumi akakosa moja, na njia nzima ya kurudi nyumbani watu watazungumza juu ya ile moja.

Januari 1968, huko Addis Ababa, taifa letu lilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Tuliishinda Ghana 1-0 katika fainali, na goli lilifungwa na Kalala Mukendi wa Englebert. Sifa zote zikaenda kwa Kalala, na ni haki yake. Lakini hesabu ya 1-0 ina pande mbili. Ile 1 ni ya mufungaji. Ile 0 nayo ilifanyiwa kazi na watu, na Kazadi alikuwa mumoja wao, kijana asiyefika bado miaka 21.

Hapa lazima tufahamishe jambo moja kwa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Leo muchezaji mukubwa anauzwa Ulaya, analipwa kila juma mali ambayo muji mudogo hauwezi kuimaliza kwa mwaka. Wakati wa Kazadi haikuwa hivyo. Mwaka wa 1966 Rais Mobutu aliwaita wachezaji wa Kongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji warudi kujenga ekipe ya taifa, na baadaye wachezaji wakubwa walizuiwa kutoka. Kwa hiyo ukubwa wao ulikuwa wa hapa hapa. Walijulikana na watu mamilioni, na walitegemea mukono wa wakubwa. Mwenye mamlaka akifurahi, walipata. Akikasirika, hapakuwa na kampuni wala mukataba wa kuwatetea. Shikeni neno hili, tutalihitaji mbele kidogo.

Mwaka wa 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwaka uliofuata kila mutu aliambiwa aache jina la kizungu. Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba. Englebert ikawa Mazembe. Ekipe ya taifa waliiita Leopards, yaani Chui.

Kuna gazeti la Ufaransa, France Football, ambalo tangu mwaka wa 1970 lilikuwa likitoa Mupira wa Zahabu kwa muchezaji bora wa Afrika. Mwaka wa 1971 wa pili alikuwa mulinzi wa goli wa Kotoko, Robert Mensah, ambaye katika fainali ya 1970 alisimama upande wa pili wa uwanja na Kazadi. Mwaka huo huo wa 1971 Mensah aliuawa, amechomwa kwa chupa iliyovunjika, muji wa Tema, Ghana. Mwaka wa 1973 wa kwanza akawa Tshimen Bwanga, beki wa Mazembe, na wa pili Kazadi Mwamba, mulinzi wa goli wa Mazembe. Fikirini, wandugu: Afrika nzima, na wawili wa kwanza wote ni wa ekipe moja ya Lubumbashi, na wote wawili kazi yao ni kuzuia, si kufunga! Walinzi wa goli walizoea kuwa wa pili. Ilibidi kungojea mwaka wa 1979 ndipo mulinzi wa goli, Thomas N'Kono wa Kameruni, alipochukua ule wa kwanza.

Katika mwaka ule ule wa 1973 Leopards walitafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Afrika nzima ilipewa nafasi moja tu kati ya ekipe 16. Waliishinda Zambia kule Lusaka na tena Kinshasa, na Desemba wakaipiga Moroko 3-0. Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika Kombe la Dunia. Machi 1974, kule Misri, wakachukua Kombe la Mataifa kwa mara ya pili. Fainali na Zambia ilikuwa 2-2, wakarudiana siku mbili baadaye, tukashinda 2-0. Magoli yote 4 alifunga Mulamba Ndaye. Jumla alifunga 9 katika mashindano yale, na hesabu hiyo haijafikiwa na mutu mpaka leo.

Hapo nguvu ya jina ilifika juu kabisa. Rais aliwapa wachezaji nyumba na motokari. Picha zao zilikuwa kila mahali. Nchi nzima iliwasikiliza kwenye radio. Wakubwa waliona kwamba mupira unaweza kufanya kazi ambayo hotuba haiwezi: kuijulisha Zaire kwa dunia nzima. Nia hiyo si mbaya yenyewe. Lakini mutu anayekutumia kama bendera anakupenda wakati upepo unavuma. Ukinyesha mvua, anakukunja.

Juni 1974 walifika Ujerumani ya Magharibi. Tarehe 14, huko Dortmund, walicheza na Uskoti, watu wanaoishi kwa mupira. Kazadi alivaa nambari 1. Walishindwa 2-0, na wengi waliofikiri Waafrika watapigwa kumi walinyamaza.

Kisha ikaja tarehe 18, huko Gelsenkirchen, na Yugoslavia. Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe na mwenzake Kazadi, alisimulia baadaye kwamba kabla ya mechi hiyo wachezaji walipata habari kuwa pesa walizoahidiwa hawatazipata, na walitaka kukataa kucheza. Waliingia uwanjani miguu iko pale, moyo hauko. Dakika ya 8, goli. Ya 14, goli. Ya 18, goli. Baada ya dakika kama 20 tu mwalimu wa ekipe, Blagoje Vidinić, akamuondoa Kazadi, akamuingiza Tubilandu wa Vita Club. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kutoa mupira wavuni, juu ya goli la 4. Katika fujo ile Mwepu alimupiga mwamuzi teke, na mwamuzi, mutu wa Kolombia, akamufukuza Mulamba ambaye hakufanya kitu. Ikaisha 9-0.

Kwa nini Kazadi aliondolewa? Vidinić mwenyewe alikuwa Muyugoslavia, na zamani alikuwa mulinzi wa goli wa nchi hiyo. Watu walisema mengi. Wengine walisema amewasaidia ndugu zake. Wengine walisema amri ilitoka kwa wakubwa wa Zaire waliokaa karibu. Siye hatutakata hukumu. Tunaangalia hesabu tu. Kazadi aliondoka ikiwa 3-0. Magoli 6 mengine yaliingia yeye amekaa kwenye benchi. Lakini ulizeni mutu yeyote wa Ulaya aliyesikia habari za Zaire 1974: anakumbuka 9. Na mulinzi wa goli wa kwanza wa ekipe iliyofungwa 9 ni nani? Kazadi. Jina likaunganishwa na hesabu ambayo theluthi mbili si yake.

Kuondolewa mbele ya dunia nzima baada ya dakika 20, mutu aliyekuwa wa pili Afrika nzima mwaka uliopita! Wangapi kati yetu wangekubali kurudi? Siku chache kisha hapo, tarehe 22 Juni, mechi ilikuwa na Brazili, mabingwa wa dunia. Mwepu alisimulia tena kwamba walinzi wa Rais walikuja hotelini, wakafunga milango, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa zaidi ya 3 hawatarudi nyumbani kwao. Na ni nani aliyesimama golini siku hiyo, mbele ya Jairzinho na Rivelino? Kazadi Mwamba.

Tunaomba musomaji asimame hapa kidogo. Watu wanapozungumza juu ya mechi ile wanacheka Mwepu, aliyetoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mbali mupira wa adhabu wa Wabrazili. Wanacheka bila kujua kwamba mutu yule alikuwa anahesabu magoli kama vile mufungwa anavyohesabu siku. Jairzinho alifunga dakika ya 12. Rivelino alifunga dakika ya 66. Dakika ya 79 Valdomiro alipiga mupira upande wa kulia, si wa nguvu sana, na ukapita chini ya mwili wa Kazadi. 3-0.

Goli lile lilikuwa kosa la Kazadi, hatutaki kulificha. Tena lilikuwa na uzito kuliko yeye alivyojua. Uskoti siku ile ile ilitoka sare na Yugoslavia. Ekipe tatu zikawa na pointi sawa. Kama Brazili ingefunga 2 tu, Uskoti ndiyo ingeendelea. Juu ya goli lile la tatu Brazili iliendelea, na Waskoti walirudi nyumbani bila kushindwa hata mechi moja. Basi mutoto wa Lubumbashi aliamua njia ya Brazili na ya Uskoti katika Kombe la Dunia, na hakuna aliyemushukuru wala aliyemufahamu. Lakini angalieni upande mwingine: dakika 90 na mabingwa wa dunia, bila mushahara, na tishio shingoni, na goli halikuingia la 4. Wenzake wote walirudi nyumbani.

Walirudi, lakini utukufu haukurudi nao. Serikali iliyowabeba iliwaacha. Mupira haukupewa tena pesa kama zamani, na wachezaji wengi waliendelea kuishi kama watu wasiojulikana. Mulamba Ndaye, mwenye magoli 9, alipigwa risasi na wezi mwaka wa 1994, kisha akakimbilia Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1998, katika Kombe la Mataifa kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa kumukumbuka marehemu Mulamba, naye yuko hai! Alikufa kweli mwaka wa 2019. Kazadi yeye hakungojea heshima kama hiyo. Alikufa mwaka wa 1996, hajafikisha miaka 50.

Si kwetu tu. Brazili ilikuwa na mulinzi wa goli mumoja jina lake Barbosa, kati ya walio bora wa wakati wake. Mwaka wa 1950 alifungwa goli la pili na Uruguay, na Brazili ikakosa Kombe la Dunia. Mpaka kifo chake mwaka wa 2000, miaka 50, watu walimukumbusha goli hilo. Hata wahalifu wengi hawafungwi miaka mingi hivyo.

Lakini si kila kitu kinapotea. Kazi ya mutu inaweza kukaa mahali hata jina lake likisahauliwa. Mazembe ilingojea mpaka mwaka wa 2009 kuwa bingwa wa Afrika tena, na mwaka wa 2010 ikachukua kombe mara mbili mufululizo kama wakati wa Kazadi. Mwisho wa 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la ekipe, kule Abu Dhabi, ikacheza na Inter ya Milano. Golini alisimama Kidiaba, yule ambaye watoto wote wa Kalemie walimuiga akiruka kwa matako kwenye nyasi kila Mazembe ilipofunga. Walipomuiga Kidiaba walikuwa, bila kujua, wanafuata njia iliyofunguliwa na Kazadi: kwamba mutu wa golini naye anaweza kuwa nyota ya Katanga.

Sasa tunafunga mashauri yetu. Sifa ni kama nguo ya kuazima. Yule aliyekuvalisha anaweza kukuvua saa yoyote, tena mbele ya watu. Hiyo hatuwezi kuizuia, hata wewe ukiwa wa pili Afrika. Kilicho mukononi mwetu ni viwili. Cha kwanza ni kurudi golini. Kazadi alirudi siku chache baada ya aibu ambayo si yote yake, na ndiyo sababu kubwa inayotufanya tumuandike hapa, kuliko makombe yake yote. Cha pili ni namna ya kuhesabu. Tukimuhesabia mutu dakika 20 peke yake na kuacha fainali 4 za Englebert, Addis Ababa, Kairo na zile dakika 90 za Brazili, sisi ndio tunaokosa hesabu, na mwalimu wetu wa hesabu angetupa sufuri.

Muhula huu ekipe ya masomo yetu itacheza tena kwenye uwanja wa michanga kando ya ziwa, na mutoto mumoja kati yetu atasimama golini, upepo wa Tanganyika ukimupiga machoni. Siku moja mupira utamupita chini ya mwili. Wandugu, tunawaomba: kabla ya kumuzomea, hesabuni kwanza ile aliyoishika.